Msimlazimishe mtoto achague baina ya bayolojia na dini yake

Mwanafunzi wa Form Four hapa kwetu, Unguja au Pemba ni mamoja, akifika kwenye mada ya evolusheni, yaani mageuko ya viumbe, anafanya kitu ambacho hakifanyi kwenye mada nyengine yoyote ile. Figo anaisoma na anaamini, usanisinuru anausoma na anaamini, makundi ya damu anayasoma mpaka anakwenda kupima lake ajue, lakini akifika kwa Lamarck na Darwin, wale wanasayansi wa mageuko, hapo anakariri. Anakariri shingo ya twiga, anakariri uteuzi asilia, anaandika kwenye mtihani wa NECTA vizuri tu na maksi anapewa, halafu akitoka nje anakwambia yale si kweli, yale maneno ya makafiri. Na mara nyingi alomfundisha kufanya hivyo ni maalim wake mwenyewe, siku ya kwanza ya mada, kabla hata chaki haijagusa ubao: haya andikeni kwa ajili ya mtihani tu, sie tunajua tumetokana na Nabii Adam.

Hili linaniuma. Mtoto hapo kashafundishwa kwamba elimu ni kitu unachoweza kukiandika bila ya kukiamini ili upate maksi, na huo ni uongo tunaompa ruhusa ya kuusema akiwa na miaka kumi na saba. Na kashafundishwa vile vile kwamba dini yake na ushahidi wa kisayansi haviwezi kukaa chumba kimoja, ukiingia huu ile inatoka. Bas huyu huyu miaka miwili mitatu mbele yuko chuo kikuu, Dar au Uturuki au Malaysia, usiku yuko na simu yake anamsikiliza profesa wa Kizungu anasema evolusheni ni kweli kwa hio Mungu hayupo, na kwa vile sie wenyewe ndo tulompa ile kanuni kwamba vitu viwili hivi havikai pamoja, anachagua. Wengine wanachagua kubaki na dini na wanaidharau sayansi maisha yao yote, wengine wanachagua vyengine na wazee wao hawajui mpaka leo.

Mie nasema kanuni yenyewe ndo mbovu. Mtu anaweza kuwa Muislamu kamili, anaeamini kwamba Allah ndie Muumba wa kila kitu hakuna mshirika, na akakubali kwamba viumbe hai wametokea kwa mageuko ya mamilioni ya miaka. Fundo la kweli liko pahala pamoja tu, nalo ni Nabii Adam, na ntalifika sitolikimbia.

Lakini kwanza tujue tunabishana na nini mana nusu ya ugomvi wetu ni juu ya kitu ambacho hakuna mtu alokisema. Utasikia barazani: kama mtu katokana na kima mbona hawa kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, hawageuki wakawa watu? Hakuna mwanasayansi anaesema mtu katokana na kima punju, wala sokwe wa leo. Wanachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna asili moja ilokuwepo kama miaka milioni sita au saba nyuma, asili hio haikuwa sokwe wala haikuwa mtu, matawi yakaachana kila moja likenda njia yake, na tawi la kima liliachana na letu zamani zaidi, kiasi cha miaka milioni 25 hadi 30 hivi. Kima wa leo hana safari ya kuja kuwa mtu, yeye kashafika kwake. Na njia yenyewe ya mabadiliko si ya ajabu: watoto hawafanani na wazee wao moja kwa moja, wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoishi mpaka wakazaa, tofauti nyengine zinamsaidia kiumbe pahala alipo na nyengine zinamdhuru, zinazosaidia zinarithiwa zaidi, na mambo hayo yakipewa muda mrefu yanajenga kiumbe mwengine, na huo ndo uteuzi asilia. Darwin kalichapisha hilo mwaka 1859, na mwaka mmoja kabla yake mwanasayansi mwenzake Wallace alikuwa kashafika pale pale kwa njia yake akiwa visiwa vya kule Asia ya Kusini Mashariki.

Visiwa. Hapa naomba nikae kidogo mana sisi ni watu wa visiwa na hatuhitaji kupelekwa Galapagos, visiwa alivyovitembelea Darwin, kuoneshwa kitu.

Tizama tofauti ya Unguja na Pemba. Mkondo baina ya Unguja na bara ni mfupi wa kina, makumi ya mita tu, na kiasi cha miaka elfu 20 nyuma wakati wa baridi kali ya dunia bahari ilikuwa chini kwa kama mita 120 kuliko ilivyo sasa, yaani pale palikuwa nchi kavu, unatoka Bagamoyo kwa miguu unafika Jambiani. Na ushahidi upo Jambiani kwenyewe, pango la Kuumbi, walochimba pale wametoa mifupa ya punda milia na nyati! Punda milia Unguja. Leo hakuna hata mmoja, bahari ikapanda, kisiwa kikakatika, walobaki ndani wakapotea mmoja mmoja au wakabadilika. Kima punju ni katika walobaki. Jamaa zake wako bara lakini yeye ni wa Unguja peke yake, na ana mambo yake ambayo mtu ukikaa pembeni ya mashamba ya Jozani unayaona kwa macho, anakwenda kwenye tanuri la mkaa liloachwa anaokota kipande anakitafuna taratibu kama mtu anaekula muhogo, na mtoto mgongoni anamtizama mama yake anajifunza. Watafiti wanasema mkaa unamsaidia kuzuia sumu ilomo kwenye majani ya miembe na mikungu anayoyala.

Pemba sasa ni hadithi nyengine. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, bahari iteremke itakavyo Pemba inabaki kisiwa, imekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi sana. Na ndo mana Kima punju asili yake Pemba hakuwepo, hao walioko msitu wa Ngezi wamepelekwa na watu miaka ya 70. Lakini Pemba ina ndege wanne ambao hawapatikani pahala pengine popote duniani: bundi wake, ninga wake, chozi wake, na yule kijindege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe la jicho. Na ina popo.

Aliyefika Kidike anajua ninachokisema. Unawasikia kabla hujawaona, wanagombana juu ya miti mchana kutwa, wakubwa, rangi ya hudhurungi inayokaribia wekundu, uso kama wa mbweha, mabawa yakinyooshwa yanafika mita moja na nusu na zaidi. Zamani walikuwa wanaliwa na miti yao inakatwa mpaka wakakaribia kwisha, wanavijiji wakaamua kuwalinda na wamerudi. Sasa suala langu ni hili, popo hawa jamaa zao wa karibu wako wapi? Tanga ni kilomita kama 50 tu kutoka Pemba, ng'ambo pale, na bara yote ya Afrika haina popo wa jamii hii. Jamaa zao wako Komoro, Bukini (Madagaska), Shelisheli, na ukivuka bahari wako India na nchi za Asia mpaka Australia. Yaani ni jamii ya Asia ilovuka bahari kisiwa kwa kisiwa kwa mabawa yake, ikafika mpaka kwetu, na huku ikabadilika ikawa popo wa Pemba asiyefanana sawasawa na mwengine yeyote.

Mtu ataniambia Allah kamuumba popo huyu hapo Pemba na basi, kuna nini cha kueleza. Ndio, kamuumba, na mie nasema hivyo hivyo. Lakini tizama mpango wenyewe ulivyo: kisiwa kilichokuwa kimeungana na bara kina wanyama wa bara, kisiwa kilichokuwa peke yake kina wanaoruka, na wote wamefanana na jamaa walioko upande waliotokea. Hii ni alama ilowachwa ardhini, na Kurani katika sura ya Al-Ankabut aya ya 20 inatuamrisha tutembee katika ardhi tutizame vipi alianzisha uumbaji. Aya inaamrisha kutembea na kutizama. Aliyeweka amri hio hakuweka alama za kutudanganya, na mtu anaesema Allah kaviumba vitu vionekane kama vimebadilika na kumbe havikubadilika ajiulize anamsifu Mola wake kwa sifa gani.

Na wala si mambo ya zamani tu. Kila mtu wa rika langu anaikumbuka klorokwini, ule uchungu wake, na wengine kuwashwa mwili mzima usiku kucha. Ikafika wakati unamaliza dozi na homa iko pale pale, kwa sababu vimelea vya malaria vilivyokuwa na mabadiliko ya jeni yanayostahimili dawa ndo vilivyobaki vikazaana, vyengine vimekufa, na Zanzibar ikabidi iingie kwenye dawa ya mseto mwaka 2003. Ikaja kupigwa dawa majumbani, baadae mbu wa Pemba nao wakaonekana wanastahimili, dawa ikabadilishwa. Huu ni uteuzi asilia unafanya kazi ndani ya nyumba zetu, Wizara ya Afya inaufuatilia, na hakuna sheikh alosimama kusema klorokwini imeshindwa kwa sababu ya kufuru.

Na sikoseli je? Nani hana familia anayoijua yenye mtoto wa sikoseli. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwa utafiti alofanya Afrika Mashariki kwamba mtu mwenye jeni moja ya ugonjwa huu, aloirithi kwa mzazi mmoja tu, anakingwa na malaria kali, na ndo mana jeni hio imebaki na imejaa kwenye nchi zenye malaria, mwenye moja anaishi na anazaa, mwenye mbili anaumwa. Historia yetu na mbu imeandikwa ndani ya damu yetu. Mtoto anaefundishwa ukurasa huu vizuri anaelewa kwa nini kaka yake anaumwa, anaelewa kwa nini watu wapime kabla ya kuoana, na sie tunamwambia akariri tu kwa ajili ya mtihani.

Sasa dini. Na hapa ndo nnapowaona ndugu zangu tunajisahau, mana jibu tumelisoma chuoni tukiwa wadogo. Nani hakusoma sifa ishirini za Allah? Wujudi, Kidamu, Bakaa, mpaka ukafika Kudra na Irada. Maalim anakufundisha kwamba Allah ana Kudra, yaani uwezo, na hakuna chengine chenye kuathiri kwa nguvu zake mwenyewe, moto hauunguzi kwa uwezo wake, kisu hakikati kwa uwezo wake, chakula hakishibishi kwa uwezo wake, hizi ni sababu na ada, yaani kawaida, alizoziweka Allah na yeye ndie anaeumba matokeo. Imam Ghazali kalieleza kwa mfano wake wa pamba na moto, na hakuna mtu hata mmoja katika wanafunzi wake aloelewa kwamba moto haupo au pamba haiungui. Sababu ipo, inasomeka, inapimika, na Muumba ni Allah. Hio ndo itikadi ya watu wa pwani hii vizazi na vizazi. Sasa mtu mwenye itikadi hio akasikia kwamba spishi zinatokea kwa sababu fulani na fulani, kitu gani kinamtisha? Imeongezeka sababu moja katika orodha ya sababu. Anaeogopa ni yule anaedhani Allah anafanya kazi kwenye mapengo tu, pale sayansi ilipokuwa haijafika, na kila pengo likizibwa Mungu anapungua. Hio si itikadi tulosomeshwa.

Mtoto tumboni tunaamini nani anamuumba? Allah, na hatuna shaka. Na Kurani yenyewe katika Al-Muuminun inaeleza hatua kwa hatua, tone, pande la damu, pande la nyama, mifupa, nyama juu ya mifupa. Daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja anaemuonesha mama picha ya mtoto kwenye ultrasaundi hajamnyang'anya Mungu kazi yake. Kuumbwa kwa hatua hakupunguzi kuumbwa kwa mtoto mmoja, vipi kutapunguza kuumbwa kwa viumbe wote?

Kuna tukio lengine kubwa zaidi na kila Muislamu analijua. Alipofariki Ibrahim mtoto wa Mtume, rehma na amani zimshukie, jua likapatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba wa mtoto wa Mtume. Angeweza kunyamaza! Lakini akasimama akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, mkiona hivyo salini. Alikataa sababu ya uongo hata pale ilipokuwa inamtukuza yeye na mwanawe, na hapo hapo akaamrisha ibada. Na Ghazali, alofariki 1111, kaandika maneno makali juu ya hili la kupatwa, kwamba anaedhani kuipinga hesabu ya wanafalaki ni kuitetea dini huyo kaidhulumu dini, kwa sababu hesabu ile ina dalili za uhakika, na mtu alieijua ukimwambia inapingana na sharia haitomuingia shaka ya hesabu, itamuingia shaka ya sharia. Rudi kasome tena sentensi hio halafu mfikirie yule mwanafunzi wetu na simu yake usiku. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa saa tulizijua kabla na sala ya kupatwa kwa jua tukasali, hakuna aloona mgongano.

Wapo wanaosema tatizo si hatua, tatizo ni ile bahati nasibu, kwamba mabadiliko ya jeni yanatokea ovyo bila ya kupangwa na hapo Mungu katolewa. Hili ni suala la haki na lina jibu. Mwanasayansi akisema mabadiliko ni ya bahati nasibu anamaanisha hayafuati haja ya kiumbe, kimelea hakibadiliki kwa sababu kinaitaka dawa isikiue, na anamaanisha hawezi kuyatabiri. Zaidi ya hapo maabara haijui. Akiongeza kwamba kwa hio hakuna alokusudia, hapo kashavua koti la maabara anaongea falsafa yake, na awe Richard Dawkins, yule mwanabayolojia mkanamungu, au nani tuna haki ya kumwambia hivyo. Kwa sisi hakuna jani linaloanguka ila Yeye analijua, Al-An'am aya ya 59, na jani linaanguka kwa upepo ambao hakuna mtu anaeweza kuutabiri.

Ugomvi huu tulivyonao nao si wetu kwa asili, na hili watu wengi hawalijui. Mwalimu John Scopes alishtakiwa mwaka 1925 mji wa Dayton, jimbo la Tennessee, Marekani, kwa kusomesha evolusheni, akatozwa dola 100. Ulikuwa ugomvi wa Waprotestanti wa kule wenyewe kwa wenyewe, ambao wengi wao baadae wakashikilia kwamba dunia ina miaka elfu chache tu, kitu ambacho Kurani haikisemi. Hoja zao zikaingia Uturuki miaka ya 80, akazichukua Adnan Oktar, yule tunaemjua kwa jina la Harun Yahya, akazivisha aya, akazisambaza kwa vitabu na video kwa lugha nyingi na zikatufikia mpaka huku. Lile kitabu lake kubwa la picha, lililosambazwa bure Ulaya kuanzia 2006 na 2007, lina picha za wadudu waloletwa kama ushahidi kwamba hawajabadilika, na baadhi yao ni chambo bandia cha kuvulia samaki, ndoana yake inaonekana! Mvuvi yeyote wa Nungwi angeijua. Na mwenyewe mahkama ya Istanbul imemhukumu kwa makosa mazito, ya unyanyasaji wa kingono yakiwemo, zaidi ya miaka elfu moja mwaka 2021 na kesi iliporudiwa 2022 zaidi ya miaka elfu nane. Nalitaja kwa sababu video zile ndo zilizokuwa rejea yetu kwenye suala la asili ya viumbe, tukaacha turathi yetu wenyewe.

Turathi gani? Ibn Khaldun, alokuja kuwa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo, kaandika mwaka 1377 kwamba viumbe vimepangika kwa daraja zinazoungana, madini yakakaribiana na mimea, mimea na wanyama, na daraja ya mwanzo ya mtu inapakana na ulimwengu wa kima. Sitosema Ibn Khaldun ndie alogundua evolusheni kabla ya Darwin, hilo watu wanalipenda lakini si kweli, hakuwa na uteuzi asilia wala hakuwa na hoja ile. Ila kaliandika na ukadhi wake haukuvuliwa kwa ajili hio. Na mwaka 1888 Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon kalijadili suala la Darwin lenyewe, akasema asili ni kuchukua dhahiri ya maandiko, lakini evolusheni ikithibiti kwa dalili ya yakini Muislamu ataifasiri aya ikubaliane nayo na imani yake haitoguswa mradi anaamini Allah ndie Muumba. Hii ilikuwa karne ya 19. Jirani zetu Wakristo, Wakatoliki wale wa Minara Miwili, kanisa lao limeshalifungua mlango tokea Papa Pius wa 12 mwaka 1950, na Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 akasema evolusheni ni zaidi ya dhana tu.

Tuje kwa Adam, amani iwe juu yake.

Hapa sitaki kumdanganya mtu. Aya ya 59 ya Aal Imran inasema mfano wa Isa mbele ya Allah ni kama mfano wa Adam, kamuumba kwa udongo kisha akamwambia kuwa akawa. Isa hana baba, na wafasiri tokea hapo wamefahamu kwamba Adam hana baba wala mama. Ijmai, yaani makubaliano ya wanavyuoni, iko hapo na mie siwezi kuichezea. Wapo Waislamu wa leo wenye elimu, kama mwanabayolojia Rana Dajani wa Jordan, wanaosema hata mtu kapitia evolusheni na aya zifahamike kwa njia nyengine, na sioni ruhusa ya kumkufurisha mtu kama huyo anaesali na kufunga. Lakini mie binafsi siendi huko. Mie nasema Adam ni muujiza. Na muujiza hauvunji sayansi, mana sayansi inasema vipi mambo yanakwenda kwa ada yake, haisemi kwamba ada haiwezi kuvunjwa na aloiweka. Hatukatai elimu ya uzazi kwa sababu Maryam alizaa bila ya mume.

Pagumu ni hapa: wataalamu wa jeni wanasema tofauti zilizomo ndani ya jeni za wanaadamu ni nyingi mno kuweza kutoka kwa watu wawili peke yao katika muda wa karibuni, na mifupa ya viumbe wanaofanana na sisi imejaa, Oldupai mwaka 1959 Mary Leakey kalitoa fuvu la miaka milioni 1.75 na nyayo za Laetoli zina zaidi ya miaka milioni 3.6. Wale wapo, kuwakataa ni kuukataa mchana. Bas Dakta David Solomon Jalajel, msomi wa Kiislamu, kalitizama suala hili akasema jambo ambalo naliona zito: maandiko yanatuambia Adam kaumbwa vipi na kwamba sisi ni kizazi chake, lakini yamenyamaza kuhusu kama kulikuwa na viumbe wengine wa umbo la mtu duniani, na pale maandiko yaliponyamaza na sisi tunanyamaza, tawakkuf, hatukubali kwa dini wala hatukatai kwa dini, sayansi itasema ilichonacho.

Na kuwa kizazi cha mtu hakuna maana kwamba huyo ndie babu yako pekee. Sisi watu wa visiwa hivi tunalifahamu hili kuliko wengi, mtu nasaba yake inakwenda moja kwa moja mpaka Hadhramaut, ana shajara ya ukoo iko ukutani, na bibi zake ni wa Makunduchi, wa Komoro, wa Unyamwezini, damu yao iko ndani yake na hawamo kwenye shajara. Hakuna alowahi kumwambia kwamba wale bibi zake wanaibatilisha ile nasaba. Inawezekana kabisa kwa hisabu za vizazi kila mtu alie hai leo awe anatokana na Adam na Hawa, na huku jeni zake zikawa zimebeba alama za wengine. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Allah anasema katika Al-Kahf aya ya 51 kwamba hakuwashuhudisha Iblisi na kizazi chake kuumbwa kwa mbingu na ardhi wala kuumbwa kwa nafsi zao, na hata mie sikushuhudishwa. Nasema inawezekana, na ikishawezekana ile kanuni ya kumlazimisha mtoto achague imeanguka.

Kwa hio maalim wa bayolojia, uko Wete au Mahonda au Chake, mada ikifika usianze na yale maneno ya mtihani. Anza na popo, anza na klorokwini. Ukipata usafiri wapeleke Ngezi au Jozani. Mtoto atakuuliza la Adam, lazima ataliuliza na litakuja mbele ya darasa zima, mwambie Adam kwetu ni muujiza na tunauamini, na haya mengine ni ada ya Allah katika viumbe wake na dalili zake hizi hapa, zisome uzielewe uzipime. Akitaka zaidi mpeleke kwa sheikh. Na sheikh nae, kabla hajamjibu, amuombe yule mtoto kile kitabu chake cha Form Four asome ile mada ya evolusheni mwanzo mpaka mwisho, kurasa zenyewe si nyingi.